UZI: Chinchila wanaotafuna kuta, skatingi na fremu za milango. Namna ya kulinda nyumba, hasa ya kupanga

Kipanga_Reading

Wakuu salaam.

Kwenye magrupu ya Watanzania na Wakenya tulioko huku Uingereza swali hili halikauki: chinchila wa watoto amekula skatingi (ule ubao unaopita chini ya ukuta, pembeni mwa sakafu), amekula fremu ya mlango, mwenye nyumba anakuja kukagua, nifanyeje? Na jibu huwa la mstari mmoja, "pulizia dawa chungu". Nimeona niweke uzi kamili ili tuwe tunaelekezana hapa, na wenye ujuzi waongezee.

Kwa wasiomfahamu: chinchila ni mnyama mdogo jamii ya panya, asili yake milima ya Andes kule Chile. Mzima ana uzito wa nusu kilo hivi, manyoya yake ni mazito ajabu, na akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 hadi 20. Meno yake hayaachi kukua maisha yote. Ya mbele yanaweza kuota sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka. Kwa hiyo kutafuna kwake si utundu wala kukosa adabu, na ukimpigia kelele unamtia hofu tu.

Mimi niko Reading, nyumba ya kupanga, zile za matofali za karne ya 19 zilizoshikana mtaa mzima. Skatingi ni mbao nene za paini, fremu ni mbao, na juu yake rangi imepakwa juu ya rangi. Chinchila wetu wawili wanatoka kizimbani kila jioni, na chumba wanachochezea hakina mkwaruzo. Nitaeleza tulivyofanya.

Chunguzeni kwanza mahali wanapotafuna. Hamtakuta wametoboa katikati ya ukuta ulio bapa. Mtakuta mifereji miwili miwili, myembamba, sambamba, na kila mara imeanzia kwenye ukingo: ncha ya juu ya skatingi, pembe ya fremu, kona ya ukuta inayotokeza, mahali karatasi ya ukutani imebanduka kidogo, au tundu la msumari wa zamani. Meno ya mbele ni manne, mawili juu na mawili chini, yanafanya kazi kama koleo. Lazima yapate cha kubana. Ukuta bapa uliosiribwa vizuri hauna cha kubana, anaulamba na kuondoka.

Maana yake ni kwamba huna haja ya kufunika ukuta mzima. Funika kingo, ziba matundu, bandika upya karatasi zilizoachia. Hapo kazi inapungua sana, na gharama pia.

Cha kufunikia kiwe chuma au kigae. Plastiki hapana: ataing'oa vipande na kuvimeza, vinaweza kuziba utumbo. Engo ya alumini (kipande kirefu chenye mbawa mbili, umbo la herufi L) yenye unene wa milimita 1.5 au 2 inatosha, inauzwa kwenye maduka yote ya vifaa vya ujenzi. Piga tupa ncha zake mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, maana mnyama atapita hapo usiku akikimbia. Kwenye kona za ukuta na fremu tulibandika kwa gundi ya pande mbili inayobanduka bila kuacha alama. Angalizo moja: gundi ikae ndani kabisa, mbali na ukingo wa engo, asiifikie kwa meno.

Skatingi za nyumba hizi za zamani zina urembo juu, engo haikai sawa. Kwa hiyo tulisimamisha mbao za paini mbele yake, ndefu kwenda juu kuliko skatingi yenyewe, tukaziunga kwenye pembe za chumba kwa vyuma vya pembe na skrubu. Zinajibana zenyewe kwenye kuta nne, hakuna hata tundu moja ukutani. Juu yake engo: ubawa mmoja unashuka mbele ya ubao, mwingine umelala kuziba mwanya kati ya ubao na ukuta. Sehemu ya chini ya mbao hizo wanaruhusiwa kutafuna watakavyo. Ni paini iliyokaushwa kwa tanuri, haina rangi, haina dawa. Ikiisha unabadilisha ubao mmoja.

Kizimba nacho kisigusane na ukuta. Wanaingiza mkono kati ya nondo, wanavuta karatasi, wanavuta pazia. Acha nafasi ya kiganja kizima, na nyuma yake simamisha bati au vigae vikubwa.

Sasa dawa chungu. Chinchila wengi wanailamba na kuendelea. Wengine wanaacha siku ile, kesho inakuwa imepoteza makali, wanarudi. Na naomba sana, asithubutu mtu kupaka pilipili. Mnyama huyu anajisafisha uso kwa mikono, pilipili itafika machoni.

Karibuni tuchangie.

Mama_Nasra

Shukrani sana kaka, umeandika kitu nilichokuwa natafuta. Mimi niko Leicester, wangu ameanza kwenye kona ya dirisha, ule ubao wa chini ambao tunawekea maua. Swali: engo ipande mpaka urefu gani?

Kipanga_Reading

Dada Nasra, akisimama kwa miguu ya nyuma hafiki hata sentimita 40, kwa hiyo kwenye kona ya kawaida sentimita 60 kutoka sakafuni zinatosha. Tatizo ni kuruka. Chinchila anaruka zaidi ya mita moja kwenda juu bila shida. Popote anapoweza kutua hesabu upya kutoka hapo: mgongo wa sofa, rafu, stuli. Ubao wa dirisha ni jukwaa lake kabisa. Ukingo wake wa mbele uvalishe engo urefu wote, na maua ondoa. Mimea mingi ya ndani ni sumu kwake.

DVM_Kikuyu

Habari za jioni wadau. Mimi ni daktari wa wanyama, nilisomea Kabete, Nairobi, sasa hivi nafanya kazi Ujerumani ambako tunapokea sana sungura, simbilisi na chinchila. Uzi ni mzuri. Naomba kuongeza mambo matatu ambayo wafugaji wengi wanayakosa.

La kwanza ni magego. Watu wanadhani akipewa mbao za kutafuna meno yamepona. Mbao zinasaga meno ya mbele tu. Magego ya chinchila nayo hayaachi kukua, na kinachoyasaga ni nyasi kavu zenye nyuzi nyuzi, timothi au ochadi (aina za nyasi za malisho), ambazo lazima ziwepo usiku na mchana. Chinchila anayelishwa punje nyingi na nyasi kidogo, magego yanarefuka, yanaota ncha kali zinazokata ulimi na shavu, na mizizi inasukuma kuelekea macho na taya. Dalili mnaziona nyumbani: kidevu kimelowa mate, machozi jicho moja, anachagua laini anaacha ngumu, uzito unashuka. Mpimeni kwa mizani ya jikoni kila wiki na muandike. Mara nyingi kupungua kwa uzito kunatangulia dalili nyingine. Na msikate meno kwa mkasi wa kucha, yanapasuka mpaka kwenye mzizi. Hiyo ni kazi ya kliniki.

La pili, rangi ya meno. Ya mbele yanatakiwa kuwa ya manjano iliyoiva, karibu na rangi ya chungwa. Watu wanaleta mnyama wakilalamika meno machafu, kumbe ndiyo afya. Yakiwa meupe ndipo tunashtuka.

La tatu ndilo lililonifanya nifungue akaunti kuandika, na ni kwa ajili yako Kipanga na wote mlio kwenye nyumba za zamani. Umesema rangi juu ya rangi. Rangi za mafuta za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na Uingereza marufuku kwa wateja wa kawaida ilikuja 1992, ingawa matumizi yalishapungua sana kuanzia miaka ya 1960. Nyumba ya karne ya 19 karibu lazima iwe nayo kwenye tabaka za chini. Mnyama wa nusu kilo akimeza vigamba vichache tu tayari ni dozi kubwa kwake. Anakuja kliniki amelegea, hataki kula, haoni vizuri, mwingine anatingishika kwa degedege. Tunapima damu, tunapiga picha ya eksirei, tunachoma dawa ya kuyaondoa madini mwilini. Akiwahiwa, mara nyingi anapona. Kwa hiyo ulinzi wa skatingi si suala la mwenye nyumba peke yake, ni uhai wa mnyama. Na kama kuna mtoto anayetambaa humo ndani, ni uhai wa mtoto.

Kipanga_Reading

Daktari, Mungu akubariki. Hilo la risasi ndilo lililotufanya tuzibe chumba kizima kabla hawajaruhusiwa kutoka. Tulipochungulia kwenye jeraha la fremu lililoachwa na wapangaji waliopita, tabaka zilikuwa zinahesabika: nyeupe, maziwa, kijani kibichi, kahawia, kisha mbao. Tuliagiza vijiti vya kupimia kutoka dukani, kile cha tabaka la chini kikabadilika rangi.

DVM_Kikuyu

Sawa kabisa. Vijiti vinasaidia, ila kipimo cha uhakika ni kupeleka kigamba maabara. Na kosa linalofuata huwa hili: mtu akishajua ni risasi anachukua msasa akwangue yote. Usikwangue! Vumbi lake ndilo baya kuliko rangi iliyotulia. Ikiwa haijabanduka, ifunike tu. Ikiwa inabanduka, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi.

Omosh_Mpls

Niko Minneapolis, na huku kuta si za matofali, ni jipsamu bodi juu ya fito za mbao. Hapo ile habari ya koleo inabadilika kidogo. Kwenye kona inayotokeza, chini ya plasta kuna kipande cha chuma au plastiki, akishafika hapo karatasi ya bodi inaachia na inakuwa imempa ukingo mrefu wa kuvuta. Wangu wa kwanza alikuwa anaondoa karatasi kwa mistari mirefu, halafu anachimba unga mweupe. Sasa nimevalisha kona zote zile ngao za chuma cha pua wanazoweka hospitalini na mahotelini ili mikokoteni isigonge kuta. Zinauzwa kwa futi nne, hazishiki kutu, na ni laini hakuna pa kuuma.

Daktari, ule unga wa jipsamu una madhara?

DVM_Kikuyu

Omosh, jipsamu yenyewe ikiwa kidogo si sumu. Wasiwasi ni karatasi, gundi, rangi na nyuzi zinazojikusanya tumboni. Chinchila hana uwezo wa kutapika, kilichoingia lazima kipite. Ukiona mavi yamekuwa madogo, makavu, au hayatoki kabisa, usingoje asubuhi. Na kama jengo ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1970, pati iliyotumika kuunganishia bodi huko Marekani inaweza kuwa na asbesto. Msitoboe wala kupiga msasa hovyo.

Kibwana_Seremala

Assalaam alaykum. Mie fundi seremala, Mwanakwerekwe, Unguja. Huyu mnyama simfugi, ila kazi ya mbao naijua, nina neno.

Kwanza hiyo mbao ya kuwawekea watafune, angalieni isiwe iliyotiwa dawa ya mchwa. Mbao za paa na za uzio huku kwetu nyingi zimechovywa, zina ukijani au ukahawia wa dawa. Hata ikikauka miaka, dawa imo ndani. Huko nje nako mbao za bustani ni hivyo hivyo.

Pili plaiwudi na emudiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao) msimpe, hizo ni gundi tupu.

Tatu, hilo swali nimeliona kwenye grupu jengine, mtu anauliza vipande vya mvule na mninga vilivyobaki karakana awape. Jamani, fundi yeyote aliyepasua mvule anajua vumbi lake linavyowasha pua na ngozi. Mbao zenye mafuta yake ya kujilinda na wadudu si za kumpa mnyama atie mdomoni.

DVM_Kikuyu

Waalaykum salaam fundi, umemaliza. Kwa wanaouliza miti gani: matufaha, pea, mwilo (willow) na heizeli (hazel) ndiyo tunayopendekeza, itoke kwenye mti ambao haujapuliziwa dawa, isuguliwe kwa maji na ikaushwe vizuri. Miti ya matunda yenye kokwa moja kubwa, yaani cheri, plamu, pichi na aprikoti, waachane nayo kwa sababu ina kemikali zinazozalisha sianidi. Mwerezi na mti wowote wa machungwa au malimau pia hapana.

Tausi_wa_Nyali

Jamani mimi sielewi. Si mumfungie tu kizimbani, nyumba ibaki salama?

Mama_Nasra

Dada Tausi, nilikuwa na wazo hilo hilo mwanzoni. Ila huyu ni mnyama wa kuruka miamba. Akifungiwa moja kwa moja anaanza kujing'oa manyoya yake mwenyewe, anatafuna nondo mpaka meno yanapinda. Watoto walikuwa wanalia. Akitoka kila jioni, usiku anatulia na nyumba inalala.

Tausi_wa_Nyali

Nimekuelewa, ahsante. Na huku Mombasa naweza kumpata? Mwanangu ameona video zake anamtaka.

DVM_Kikuyu

Dada, kwa moyo mweupe nakuomba usimlete pwani. Manyoya yake yameumbwa kwa baridi ya Andes, kwenye kila kitundu cha ngozi zinatoka nywele hamsini na zaidi. Hana namna ya kutoa jasho. Joto likipita nyuzi 25 tayari anapata shida, na penye unyevu ni vibaya zaidi. Mombasa hata usiku wa Februari joto huwa karibu na hapo. Umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima, anakufa ndani ya saa chache. Mtoto mtafutie sungura, na hata sungura muwekee kivuli.

Mzalendo_Santiago

Nawasoma kutoka Santiago, nipo huku kimasomo. Niongeze kitu kimoja kwa sababu huku ndiko nyumbani kwao. Wa porini wamebaki wachache mno. Waliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka Chile, Bolivia, Peru na Argentina zikawekeana mkataba mwaka 1910 wa kuzuia, lakini walikuwa wameshaisha sehemu nyingi. Wanaofugwa Marekani asili yao kubwa ni wale 11 aliowasafirisha Mmarekani Mathias Chapman mwaka 1923. Leo kuna hifadhi karibu na mji wa Illapel, ilianzishwa 1983. Ukifika pale unaelewa kwa nini wanapenda kupanda juu ya makabati: ni mawe, mianya na vichaka vya miiba, na wao wanaishi ndani ya mianya hiyo. Kwa hiyo ukiziba chumba, mwachie na sehemu ya kujificha. Mnyama asiye na pa kujificha ataichimba mwenyewe, nyuma ya kabati au chini ya sofa.

Omosh_Mpls

Hiyo point ya Santiago ni ya maana sana. Nilipoweka nyumba ndogo mbili za paini kwenye pembe za chumba, kuchimba nyuma ya kabati kulipungua sana.

Pia msisahau waya za umeme. Mimi nilizipitisha zote ndani ya bomba la chuma, na zile za chaja zinaondolewa kabla mlango wa kizimba haujafunguliwa.

Mama_Nasra

Naomba kurudi kwenye mwenye nyumba. Mkataba wangu unaisha majira ya joto. Ile kona ya dirisha imeliwa kama nusu sentimita. Nizibe kwa pati nipake rangi, au nimwambie?

Kipanga_Reading

Dada, mimi ningemwambia, kwa maandishi na picha. Kwa England dipoziti yako ni lazima iwe imewekwa kwenye mfuko wa ulinzi unaotambulika, sheria ilianza kutumika 2007. Na tangu Juni 2019, kwa nyumba zetu hizi za kawaida, haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano. Alama za meno haziitwi uchakavu wa kawaida, hilo lazima utalipia. Lakini hawezi kukudai bei ya dirisha jipya wakati ubao una umri wa miaka mingi. Anakata kulingana na uchakavu uliokuwepo. Mkibishana, msuluhishi wa mfuko anaangalia ripoti ya siku uliyoingia na ya siku unayotoka. Tafuta ile ripoti ya kwanza na picha zake leo hii.

Ukiziba mwenyewe, kwanza pima risasi. Ikiwa ni salama, jaza pati ya mbao, acha ikauke kabisa, lainisha, paka rangi ya maji, na chinchila asiingie chumba hicho mpaka harufu iishe. Kisha weka engo juu hapo hapo, maana sehemu aliyowahi kutafuna anaikumbuka.

Kibwana_Seremala

Dada Nasra, ukishajaza pati usilainishe kwa kidole. Kata kipande cha ubao bapa, kizungushie msasa namba 120, pitisha kufuata mwelekeo wa nyuzi, umalizie na 220. Ukitumia kidole panabaki bonde, na taa ya pembeni italionesha.

Mama_Nasra

Ahsanteni nyote, Mungu awalipe. Jumamosi naenda dukani. Dirisha lina mita 1.2 na kona ya mlango ni moja. Ninunue ngapi?

Kipanga_Reading

Chukua ya mita 2 moja, dada. Dirishani itatumika 1.2, na zile 0.8 zinazobaki zinatosha kona ya mlango kutoka sakafuni, unapunguza sentimita 20 tu. Chagua yenye mbawa za sentimita 3, unene milimita 1.5 au 2, ile nyembamba inapinda. Waombe wakukatie pale pale dukani kama wana mashine, na usitoke bila tupa.